Hewa Katika Banda la Kuku Wakati wa Kipupwe

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Ilula



Tulipoombwa tuchague jambo lenye kumfaa mtumishi, labda wengine walitazamia ya kwamba tungenena habari za mishahara au za uhamisho. Hayo ni mambo makubwa, nayo yana wasemaji wake. Sisi tumechagua banda la kuku lililo nyuma ya nyumba. Mtu asicheke. Marehemu Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, mojawapo ya makusudi yao lilikuwa kuelimishana. Nasi hili tulijualo tulilijua kwa hasara. Basi twaona si haki kulifungia sandukuni.

Kila mmoja wetu ajua kazi ya kuku katika nyumba ya karani. Mshahara huja mwisho wa mwezi, walakini shida haingoji mwisho wa mwezi. Mtoto ataka madaftari, mgeni abisha hodi, mgonjwa ataka nauli ya kwenda hospitali. Ndipo mama wa nyumba hutoka uani, na trei ya mayai au jogoo mmoja huyamaliza yote. Mwenye mitetea 20 yenye afya hana haja ya kusimama mlangoni pa mkopeshaji. Kwa hiyo kuku wafapo, haipotei nyama tu, bali na heshima ya nyumba.

Ilula yetu iko katika nyanda za juu, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, na tangu Juni mpaka Agosti twajua sote jinsi kunavyokuwa. Mjini Iringa usiku wa Julai mara nyingi hushuka mpaka karibu nyuzi 12 za Sentigredi. Mbeya hushuka kupita hapo, na kule juu Kitulo umande huganda majanini hata asubuhi nyasi huwa nyeupe. Mtu avaapo makoti mawili, huwahurumia na kuku wake. Huruma hiyo ndiyo iliyotuponza.

Katika kipupwe cha mwaka juzi tulikuwa na kuku 26. Banda letu lilikuwa la matofali ya udongo, limeezekwa mabati. Juni ilipoingia tulichukua magunia, matope na makaratasi, tukaziba kila tundu: chini ya paa, kandokando ya mlango, hata ule ufa mdogo wa dirisha. Tulipomaliza tulijisifu. Usiku ule tulitia mkono ndani, tukasikia joto zuri kama la kitandani, tukaenda kulala kwa raha.

Juma la pili mayai yalipungua kutoka 14 kwa siku hata 5. Kisha kuku wakaanza kukoroma usiku, macho yakatoka machozi na povu, na mmoja mmoja wakaanza kujikunyata pembeni. Kufikia mwisho wa Julai 11 walikuwa wamekufa. Fedha ya sare na nauli ya mtoto wetu aliyekuwa akisoma shule ya bweni ilizikwa pamoja nao, nasi tukaenda kukopa.

Wakati huo tulilaumu kila kitu ila mikono yetu wenyewe. Tulisema ni mdondo. Walakini mdondo huua upesi, tena hufagia banda, na hawa walikufa kidogo kidogo. Tulisema ni baridi, tukaongeza gunia jingine. Tuliwanywesha maji ya shubiri na pilipili. Palikuwa na watu walioanza kunong'ona habari za wivu na za wabaya wetu, nasi, twakiri mbele yenu, tulisikiliza.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja wa jirani, mkulima wa vitunguu, ambaye hajapata kusoma kitabu cho chote cha kuku. Alikuja alfajiri kununua jogoo, tukamfungulia mlango wa banda. Alirudi nyuma hatua mbili, akafunika pua kwa kanga yake, akasema, “Mwanangu, humu hata kitunguu kingeoza.”

Neno hilo lilituingia. Watu wa Ilula twaishi kwa nyanya na vitunguu, na hapana mtoto hapa asiyejua ya kuwa kitunguu hakifungiwi. Ghala lake hujengwa kwa fito zilizoachana, hewa ipite huku na huku. Kikifunikwa turubai usiku kucha, asubuhi hutoka jasho, na haupiti muda kabla hakijaanza kunuka. Basi sisi tunaokiachia kitunguu hewa, kitu kisicho na pua, tulikuwa tumemnyima hewa kuku mwenye pua na mapafu.

Tangu siku ile tulianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Baridi siyo adui mkubwa wa kuku mzima. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, kupita letu lenye nyuzi 37, na manyoya yake ni blanketi. Akilala juu ya mti wake hujitutumua, hewa kavu hukaa katikati ya manyoya, naye hutia kichwa chini ya bawa. Baridi yetu ya nyuzi 10 si kitu kwake, maadamu ni mkavu na ameshiba. Huko Marekani ya kaskazini, penye theluji, daktari Prince T. Woods alitoa kitabu mwaka 1924 akifundisha mabanda yaliyoachwa wazi upande mmoja, hata wakati wa baridi kali. Kama kuku wa huko wahitaji hewa safi kuliko joto, wa Ilula je?

Adui wa kwanza ni maji. Kuku mkubwa hunywa kiasi cha robo lita kwa siku, ama pungufu kidogo. Maji hayo hayapotei: mengine huingia katika yai, na yaliyosalia hurudi nje kwa pumzi na kwa kinyesi. Na tufanye hesabu kama makarani. Kuku 20 kwa robo lita ni lita 5. Tuseme nusu tu ya hayo yatoka usiku ndani ya banda. Ni lita 2 na nusu. Kwa siku 8 ni lita 20, yaani debe zima. Basi mwenye kuziba banda lake ni kama mtu amwagaye debe la maji juu ya kuku wake kila siku ya nane, kisha akafunga mlango. Maji yale hupanda kama mvuke, hugusa mabati yaliyopoa, hugeuka matone, hudondoka juu ya migongo yao. Manyoya yakilowa, blanketi limeharibika. Ndipo baridi isiyoweza kuua huua.

Adui wa pili ni ile hewa ichomayo pua, iitwayo amonia. Kinyesi kikavu hakidhuru sana, lakini kinyesi kilicholowa huozeshwa na vijidudu, nacho hutoa hewa hiyo. Huunguza macho na koo la kuku, na mafua hupata mlango wazi. Tena ndege ameumbwa na mifuko ya hewa mwilini, hata hewa hupita mapafuni mwake kwa njia moja tu, haiendi na kurudi kama kwetu. Kwa hiyo hewa mbaya humdhuru upesi kuliko mtu. Wachimba makaa wa Uingereza walilijua jambo hili, wakachukua ndege wadogo mashimoni ili wawaonye, na desturi hiyo ilidumu hata mwaka 1986. Mchimba makaa alipoona ndege ameanguka, alikimbia. Sisi tuliona kuku wameanguka, tukaongeza gunia.

Mtu atauliza, “Je, tuache banda wazi, kusi liwapige?” La, hasha. Hewa na upepo ni vitu viwili. Upepo ni ule unaompiga kuku ubavuni akiwa amelala, ukamfunua manyoya na kumnyang'anya joto lake. Hewa ni ile ipitayo juu ya kichwa chake, ikachukua mvuke na harufu, wala yeye hana habari nayo. Kazi yote ya mwenye banda ni kuuzuia upepo na kuiachia hewa. Nayo hufanyika hivi.

Kwanza, uso wa banda. Vitabu vya Ulaya na Marekani husema uso wa banda uelekee kusini. Mtu asivifuate kama kasuku. Kwao wakati wa baridi jua huwa upande wa kusini. Kwetu katika Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na upepo wa baridi hutoka kusini-mashariki. Basi hapa kwetu uso na uelekee kaskazini, upate jua, na mgongo uupokee upepo. Hata hivyo milima na mabonde hugeuza upepo. Yafaa kufunga kitambaa juu ya mti kwa siku kadhaa kabla ya kujenga, na kuandika kila jioni kinakoelekea.

Pili, kuta. Kwa kuku 20 banda la futi 10 kwa 8 latosha. Ukuta wa mbele uwe na kimo cha futi 8, wa nyuma futi 6, paa liinamie nyuma. Mbele jenga matofali mpaka futi 3. Juu yake pawe wazi, pakingwe kwa wavu au kwa fito za mianzi, na katika nchi ya ulanzi mtu hawezi kusema amekosa mianzi. Kuta nyingine tatu zikandikwe vema, pasiwe na ufa hata mmoja palipo na kimo cha kuku. Ila nyuma, chini kabisa ya paa, acha nafasi ya nusu futi kwa urefu wote wa ukuta, ikingwe kwa wavu, na upenu utokeze futi 2 kuzuia mvua. Hewa safi huingia. Ile yenye joto na mvuke hupanda, hufuata paa mpaka mbele palipoinuka, hutoka.

Tatu, miti ya kulalia. Iwekwe karibu na ukuta wa nyuma, kimo cha futi 2 na nusu, yote sawasawa ili wasigombee kukaa juu. Kila kuku apate inchi 8 mpaka 10. Vichwa vyao viwe chini ya ile nafasi ya nyuma kwa futi 2 hivi. Aliyeinuliwa mpaka penye nafasi amewekwa katika upepo.

Nne, pazia. Kwa usiku wa tufani au mvua ya upepo, tundika gunia mbele. Walakini gunia hilo lipande kutoka chini kwenda juu, lisishuke kutoka juu, na shubiri moja ya juu isifunikwe kamwe, mvua inyeshe isinyeshe. Asubuhi literemshwe, jua liingie.

Tano, sakafu na paa. Sakafuni tandika maranda kutoka kwa seremala, au pumba za mpunga, unene wa inchi 4. Yageuzwe kwa reki kila juma, na palipolowa paondolewe papelekwe shambani, maana kilicho sumu bandani ni chakula kwa nyanya. Chini ya mabati laza mikeka ya mianzi au tabaka la nyasi, yasitoe jasho. Mwenye paa la nyasi amekwisha kuokoka katika hili.

Haya yote hayana gharama kubwa. Sisi hatukujenga upya. Tulivunja sehemu ya ukuta wa mbele, tukapigilia fito, na kazi ilikwisha kwa Jumamosi mbili.

Mtu atajuaje kama banda lake lavuta hewa vema? Aingie alfajiri na taa kabla mlango haujafunguliwa kwa kutwa, afanye mambo manne. Achuchumae kimo cha kuku, avute pumzi. Macho yakimwasha, kuku wameteswa usiku kucha. Apapase mabati kwa ndani. Mkono ukilowa, nafasi za juu hazitoshi. Ashike maranda ganjani na kuyafinya. Yakishikamana kama ugali, ni maji. Mwisho, awashe jani kavu, alizime, atazame moshi wake. Ukipanda taratibu na kutoka juu, ni vema. Ukiyumba na kukimbia penye miti ya kulalia, hapo pana ufa wa kuzibwa. Mtu asiamini pua yake akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu hewa ya mlangoni si ile wanayolala nayo kuku.

Twajua wako watakaosema, “Maneno mazuri, lakini wezi na vicheche je?” Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu watu wengi huziba. Twajibu ya kuwa kicheche hazuiwi na gunia wala matope. Huzuiwa na wavu wenye matundu madogo na fito zilizobanana, ambazo hewa hupita naye asipite. Na mwizi huzuiwa na kufuli, mbwa na jirani mwema.

Lipo jambo moja ambalo hatuna budi kulitaja kwa sauti kubwa. Haya tuliyosema ni ya kuku wakubwa. Kifaranga hana manyoya. Juma la kwanza ataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, ndipo lipunguzwe kiasi cha nyuzi 3 kila juma. Kwa ajili hiyo wengi wetu huwasha jiko la mkaa katika chumba chao. Mkaa uwakapo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kikizibwa, hewa hiyo huwalaza vifaranga usingizi usio na kuamka. Basi jiko lisiingizwe kamwe mahali pasipo na nafasi ya wazi juu na mlango unaopitisha hewa chini. Na linalomuua kifaranga laweza kumuua baba yake na watoto wake. Katika nyanda hizi zetu za baridi wako watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Ikiwa mtu atasahau yote tuliyosema leo, asisahau hili: jiko la mkaa halilali pamoja na mtu.

Wala mtu asituelewe vibaya, akadhani ya kwamba hewa safi ni dawa ya kila ugonjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauzuiwi na dirisha. Huzuiwa na chanjo, tone moja la jichoni, lirudiwe kila miezi mitatu. Na bwana mifugo yupo kwa kazi hiyo. Banda lenye hewa humpa kuku nguvu ya kupigana. Chanjo humpa silaha. Mwenye akili hachagui kimoja.

Nasi twatoa hesabu yetu kama karani atoavyo mwisho wa mwezi. Kipupwe cha mwaka jana tuliingia na kuku 19, banda likiwa wazi mbele. Majirani walituona wajinga, na usiku wa kwanza wa Julai hata sisi wenyewe tulitoka mara mbili na taa kuwatazama. Walikuwa wamejitutumua juu ya miti yao, wakavu, kimya, hapana akoromaye. Kipupwe kilipokwisha alikuwa amepungua mmoja tu, naye alichukuliwa na kicheche mchana, nje ya banda. Mayai yalipungua kidogo, kama ilivyo kawaida ya baridi, lakini hayakukoma. Deni tulilipa mwezi wa Oktoba. Yule bibi wa vitunguu tulimpelekea jogoo, akakataa kumlipia wala kumpokea bure. Tulipatana kwa kikapu cha vitunguu.

Bwana Mwenyekiti, twaomba kutoa shauri moja kabla ya kukaa. Kila mtaa wenye wanachama uchague watu watatu, wapitie mabanda ya wenzao alfajiri moja kabla ya Juni, wakiwa na taa na yale mambo manne ya kujaribu. Asiwepo wa kuona haya. Sisi tulilificha banda letu watu wasije wakaona kuku wetu wanaumwa, na kule kuficha kulitugharimu kuku 11. Laiti mwenzetu mmoja angaliingia mapema na kushika pua yake, tungalifedheheka kwa dakika tano, na mtoto angalikwenda shule bila deni.

Tumekwisha. Mwenye swali na aulize, na mwenye kujua zaidi yetu na atusahihishe, maana hata hayo tuliyoyaleta leo hatukuyapata ila kwa kusahihishwa.